Kijana Anayechora Asome Wapi? Bagamoyo, Mlimani, Makerere, Nairobi au Abaki Arusha

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakishatoka, kwenye fremu yangu ya mabango hapa Arusha huanza kuja watu wasiotaka bango. Ni mama aliyeongozana na mwanawe, au baba mdogo aliyetumwa na ukoo kutoka Kibosho, na swali lao ni moja: huyu mtoto anachora tangu hajajua kuandika, hataki kusikia habari za uhasibu wala uuguzi, tumpeleke wapi? Huwa naomba kwanza daftari la mtoto nilipitie. Kisha nawaeleza kwa kirefu, kwa sababu jibu la mkato kwenye jambo hili linaweza kumpotezea kijana miaka mitatu na kummalizia mzazi akiba yake.

Nalinganisha vyuo vya umma tu. Vya binafsi vipo, na vingine vina walimu hodari, lakini mzazi wa kipato cha kawaida anahitaji mahali ambapo cheti kitaheshimiwa hata uongozi ukibadilika na mfadhili akiondoka.

Ninachomwambia mzazi kwanza ni kwamba asitazame jina la chuo. Atazame kimepitia nini miaka hii ishirini ya karibuni, na hasa kimewekwa chini ya nani. Sanaa na ubunifu kwa nchi zetu hazijapewa nyumba yao. Kila mahali zimekaribishwa kwenye nyumba ya mwingine, na mwenye nyumba ndiye anayeamua zinunuliwe mashine au vitabu, lijengwe jukwaa au karakana. Idara ya sanaa iliyokaa na wahandisi itakuzoesha mashine. Iliyokaa na watu wa fasihi na historia itakuzoesha kusoma na kuandika juu ya sanaa. Ukijua mwenye nyumba ni nani, umeshajua nusu ya utakachotoka nacho.

Watu wa Kilimanjaro tunalijua hili kupitia wazee wetu. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alikwenda Makerere kwa sababu Tanganyika nzima haikuwa na pa kusomea uchoraji kwa kiwango hicho. Alifundishwa na Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza mwaka 1937 kufundisha kwenye baraza ya nyumba yake Kampala. Ntiro akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, akarudi kufundisha Makerere, na baada ya Uhuru akatuwakilisha Uingereza kama balozi. Mchoro wake wa wanaume wakipeleka pombe ya ndizi usiku nyumbani kwa bibi harusi umo kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Baada yake Elimo Njau wa Marangu, aliyezaliwa 1932, naye akapita Makerere. Mwaka 1959 akachora kuta za kanisa la Murang'a kule Kenya, na mwaka 1965 akaanzisha Paa ya Paa pale Nairobi. Wote wawili walitoka migombani na wote wawili walilazimika kuvuka mpaka.

Ulikuwepo mpango kamili nyuma ya safari hizo. Kati ya 1963 na 1970 Afrika Mashariki ilikuwa na chuo kikuu kimoja chenye kampasi tatu zilizogawana fani: sheria ikaota Dar es Salaam, uhandisi na usanifu wa majengo Nairobi, sanaa ya kuchora na kuchonga ikabaki Makerere. Chuo kilipovunjika mwaka 1970 kila nchi iliondoka na fani iliyokuwa imelea, na mgawanyo ule unaonekana mpaka leo katika uzito wa kila idara. Vijana wengi hawaambiwi hili wanapojaza fomu.

Zipo nchi zilizofanya vingine. Kule Boston, Marekani, kuna chuo cha umma cha sanaa na ubunifu kinachojitegemea, hakimo ndani ya chuo kikuu chochote. Kilianzishwa mwaka 1873 kuandaa walimu wa kuchora, kwa sababu viwanda vya jimbo la Massachusetts vilihitaji watu wanaojua kusoma na kutengeneza michoro. Mwaka 2007 ndipo ubunifu ulipoingizwa rasmi kwenye jina lake. Nakitaja kwa sababu huo huo mwaka 2007 chuo chetu cha Bagamoyo nacho kilibadilishwa, na mabadiliko hayo yalikipeleka upande mwingine kabisa.

Bagamoyo

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, kikirithi watu na uzoefu wa vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Tazama asili hiyo kwa makini: ni chuo kilichozaliwa na jukwaa. Hukwe Zawose, yule bingwa wa kupiga zeze na ilimba kutoka Ugogo aliyefariki mwaka 2003, alikuwa miongoni mwa walimu wake. Tamasha la chuo la kila mwaka limekuwepo tangu miaka ya mwanzo ya themanini, na Uswidi ilikuwa mfadhili mkubwa wa chuo kwa muda mrefu. Mwaka 2002 ukumbi mkubwa wa maonyesho uliungua, na miaka michache baadaye ukajengwa mwingine mpya.

Mwaka 2007 kikageuzwa kuwa wakala wa serikali, kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ndiyo TaSUBa tunayoisikia. Wakala maana yake ni kwamba serikali bado ndiyo mwenyewe, kupitia wizara yenye dhamana ya utamaduni na sanaa, ila taasisi inatakiwa ijiendeshe kibiashara zaidi, iingize mapato yake na ijibu kwa matokeo. Kwa mwanafunzi hili lina pande mbili. Upande mzuri ni kwamba anakulia mahali ambapo kazi ya sanaa inauzwa, ukumbi unakodishwa, maonyesho yanakwenda, na wageni wanaingia na kutoka. Upande wa pili ni kwamba kinachouzika upesi hupewa nafasi, na pale Bagamoyo kinachouzika upesi ni ngoma, muziki, maigizo, na siku hizi picha za video na utayarishaji wa muziki. Sanaa za ufundi, yaani kuchora, kuchonga na chapa, zipo kwenye mtaala na zinafundishwa na watu wanaozipenda. Lakini hazijawahi kuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile.

Kijana aliyesoma Bagamoyo namtambua kwa namna anavyoukabili ukuta. Nilimpa mmoja ukuta wa baa ya Sakina, mrefu kuliko basi. Hakuomba projekta wala hakupiga mistari ya kugawa viboksi. Alirudi nyuma mpaka ng'ambo ya barabara, akautazama, akachukua fimbo ndefu aliyoifunga kipande cha mkaa, akachora tembo wawili na mlima kwa mkono mmoja akiwa amesimama. Huo ni ujasiri wa mtu aliyezoea kuchora mapazia ya jukwaani. Mtu huyo huyo nilipomkalisha mbele ya kompyuta kupanga kadi ya biashara, ilibidi tuanze mwanzo kabisa: ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, rangi za kuchapishia.

Sifa za kuingia ni rafiki kwa mtoto wa kidato cha nne. Ngazi ya kwanza, kwa kawaida ya vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, inataka ufaulu wa masomo manne bila kuhesabu ya dini, kisha unapanda hadi stashahada. Kiswahili utakisikia darasani kuliko kwenye vyuo vikuu vyote nitakavyovitaja, na kwa mtoto ambaye Kiingereza kilimwangusha hilo lina uzito. Tena siku hizi huna haja ya kufika Dar: basi la Moshi au Arusha linakushusha Msata, hapo unachukua gari jingine, ni lami moja kwa moja mpaka Bagamoyo.

Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na sanaa za maonyesho mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio, na mwaka 1975 uchoraji na muziki ukaunganishwa humo. Jina la idara limebadilika zaidi ya mara moja. Leo inaitwa ya sanaa bunifu na iko Ndaki ya Insia, ndaki ikiwa ni kundi la idara chini ya uongozi mmoja. Jirani zake ni fasihi, historia, akiolojia, falsafa. Kwa hiyo anayehitimu shahada ya sanaa na ubunifu pale anakuwa amesoma sana. Anajua kueleza mchoro, anajua historia ya Tingatinga tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza na rangi za mafuta za kupaka baiskeli mwishoni mwa miaka ya sitini, anajua kuandika andiko la kuomba fedha likakubalika.

Nawaheshimu kwa hilo, na nawapa kazi za namna hiyo. Mteja akitaka maelezo ya kuta za makumbusho ndogo ya kijiji, au kitabu cha historia ya usharika chenye picha, mhitimu wa Mlimani ndiye nitakayempigia. Ila mzazi aelewe kwamba shahada ya miaka mitatu iliyogawanywa na kozi za nadharia haiachi saa nyingi za karakana, na mwanafunzi asiyejiongeza mwenyewe mchana na usiku anaweza kutoka na shahada nzuri lakini mkono bado mzito. Anayetaka kuwa mwalimu, afisa utamaduni, mtafiti au mtunza makumbusho, hapa ni pake. Faida nyingine ni ya mfukoni: ni shahada ya ndani, hivyo Bodi ya Mikopo inahusika.

Dodoma nayo, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilichoanzishwa 2007, ina programu ya sanaa na ubunifu na ni karibu zaidi na Arusha kwa barabara. Mengi niliyosema ya Mlimani yanaihusu, isipokuwa ukongwe.

Makerere

Hapa ndipo ninapokaa zaidi na mzazi, kwa sababu ndipo gharama na manufaa vinapopanda pamoja.

Shule ya Trowell haikubaki shule ya baraza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya hamsini ilipanuliwa kuwa ya kiwango kamili cha chuo kikuu, ikapita miaka migumu ya Amin ambapo walimu wengi walikimbia, ikasimama tena, na kwenye jina lake ikachukua sanaa za viwandani. Makerere ilipojipanga upya kwa ndaki mwanzoni mwa muongo uliopita, shule hiyo iliwekwa ndani ya ndaki moja na uhandisi na teknolojia. Wapo wasanii waliohofia kwamba wahandisi wangewameza. Kwa macho ya mwajiri mdogo kama mimi, uamuzi ule ulimfaa mwanafunzi. Anayesoma pale anagusa udongo wa mfinyanzi na tanuri, anachapa kitambaa kwa fremu ya hariri, anachonga, anasuka, anatengeneza mapambo, anapiga picha, anapanga kurasa kwenye kompyuta, na haogopi mashine iliyo kwenye jengo la jirani.

Tofauti hiyo naiona kwenye maswali. Mteja alikuja kutaka bango la hoteli ya njia ya Karatu, ameshika picha kwenye simu, anataka ipanuliwe ifike mita sita. Kijana wangu mmoja aliyesoma Kampala alimuuliza mambo mawili tu: bango litatazamwa kutoka umbali gani, na gari litakuwa na mwendo gani? Kwa majibu hayo akaamua ukubwa wa herufi, akapunguza maneno kutoka aya nzima mpaka matatu, akaikataa picha kwa sababu ingepasuka. Mteja alinuna. Bango lilipotundikwa akaleta na la pili. Kuuliza namna ile hakuji kwa kipaji peke yake. Mtu amefundishwa kwamba kazi ina mtumiaji, ina kipimo na ina mahali pake.

Kwa undani wa mafunzo ya mikono, Makerere ndiyo chaguo langu la kwanza kwa ukanda huu, na nasema hivyo nikijua ugumu wake. Ni safari ya mchana na usiku kupitia Nairobi. Anayeingia moja kwa moja anahitaji kidato cha sita chenye ufaulu mzuri wa masomo mawili makuu, hivyo wa kidato cha nne asubiri. Mkopo wa Bodi yetu usiutegemee. Na chuo kina historia ya migomo: Novemba 2016 kilifungwa kwa amri ya Rais na wanafunzi wakakaa nyumbani mpaka mwaka mpya. Mzazi anayepanga miaka mitatu aweke akiba ya nusu mwaka juu yake, ada isiwe imepigiwa hesabu mpaka senti ya mwisho.

Nairobi

Kilomita mia mbili na sabini tu kutoka Arusha, na bado vijana wetu wengi hawaijui kama chaguo. Mbegu yake ilitoka Makerere: Gregory Maloba, mwanafunzi wa Trowell aliyechonga sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962, ndiye aliyekwenda kuongoza idara ya ubunifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini mbegu ile iliota kwenye udongo wa wasanifu majengo, na mwaka 2021 chuo kilipofuta mfumo wa ndaki na kurudi kwenye vitivo, sanaa na ubunifu vilibaki na wasanifu hao hao.

Kwa hiyo Nairobi ni ubunifu kabla ya sanaa. Nembo, vifungashio, samani, mpangilio wa ndani ya nyumba, nguo. Mwanafunzi analelewa kufikiri kama mtu wa ofisi ya usanifu: anapewa mahitaji ya mteja, anachora mapendekezo matatu, anayatetea mbele ya walimu, anarudia. Na nje ya geti kuna jiji lenye makampuni makubwa ya matangazo, ambako anaweza kufanya field ya maana kuliko tunayoweza kumpa sisi wa fremu za Arusha. Anayeota kuchora turubai na kuchonga mpingo ataona kiu. Anayeota kuona kahawa ya Kilimanjaro ikiuzwa kwenye pakiti inayolingana na ubora wake, aende Nairobi bila kusita.

Maisha ya Nairobi ni ghali, na migomo ya wahadhiri nayo ipo. Wa mwaka 2017 wengi bado wanaukumbuka. Kabla ya kwenda Nairobi au Kampala, pitia TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, upate barua ya kutokuwa na pingamizi, na ukimaliza shahada yako itambuliwe na TCU hiyo hiyo. Nimeona mtu mwenye kazi nzuri sana mkononi akizungushwa na ajira ya serikali kwa sababu hatua hii aliiruka. Ada za raia wa Afrika Mashariki ziulizwe chuoni kwa maandishi, kila mwaka.

Kubaki nyumbani

Mzazi akishasikia gharama hizo huuliza kama hapa kwetu hakuna kitu. Kipo, ila hakiitwi chuo cha sanaa, ndiyo maana hakionekani.

Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, cha Wizara ya Madini. Kinafundisha elimu ya vito, ukataji na ung'arishaji, na ubunifu wa mapambo ya usonara. Wanafunzi wake wa mwanzo wa ukataji walikuwa wanawake. Historia yake ya karibuni inafuata siasa ya tanzanite: serikali ilipoamua kwamba jiwe lisitoke ghafi, ikajenga ukuta wa Mirerani wa kilomita 24.5 uliozinduliwa mwaka 2018, na ikahitaji mikono ya Kitanzania ya kuliongezea thamani. Mwenye nyumba hapa ni madini, na madini yanataka mtu anayeweza kuzalisha.

Asikudanganye mtu kwamba huo si ubunifu. Tanzanite ukiigeuza mbele ya mwanga inabadilika rangi: upande mmoja bluu, mwingine zambarau. Mkataji anakaa na jiwe ghafi mbele ya taa, analigeuza, anatafuta nyufa, halafu anaamua uso wa juu ukae wapi. Akiuelekeza kwenye bluu, jiwe huwa na bei nzuri kwa uzito ule ule, lakini mara nyingi inabidi akate na kupoteza sehemu kubwa zaidi. Akiuelekeza kwenye zambarau, anaokoa uzito. Kosa likifanyika halirudishwi. Kijana anayechora vizuri, mwenye jicho la mwanga na umbo, ana mtaji mkubwa kwenye benchi lile, na mafunzo ya ukataji hayachukui miaka.

VETA nayo, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, isidharauliwe. Kwenye fani zake zimo uchoraji wa mabango na ubunifu wa mavazi na ushonaji, pamoja na useremala ambao ndio msingi wa samani zote nzuri. Ulizia kwenye chuo kilicho karibu nawe fani gani zinaendeshwa mwaka huo. Kijana wa VETA anakuja kwangu siku ya kwanza akiwa anajua kushika brashi bapa na kunyoosha herufi bila rula, na ninamlipa kuanzia wiki hiyo. Kinachompungukia ni macho yaliyoona kazi nyingi za wengine, na hilo linajazwa kwa kutembea: aende Cultural Heritage Centre njia ya Dodoma atazame michongo ya mpingo, aende Maasai Market achunguze shanga zinavyopangwa rangi.

Lakini nitasema wazi kinachoniuma. Mikoa hii miwili, Arusha na Kilimanjaro, inapokea watalii wa Serengeti na wa Mlima, ina hoteli zinazoagiza vikapu na vyungu kutoka nje, ina kahawa, ina vito, ina uwanja unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, na sijaona hata idara moja ya umma ya kufundisha ubunifu kwa ngazi ya stashahada inayofanana na utajiri huo. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, kina karakana, kina wahandisi. Makerere imeonyesha kwamba sanaa ikiwekwa pamoja na wahandisi hainyauki. Naomba wanaopanga mambo haya walitazame, hasa sasa ambapo tahasusi mpya za kidato cha tano zilizotangazwa mwaka 2024 zina kundi zima la sanaa. Watoto hao watamaliza kidato cha sita na watahitaji mahali pa kwenda.

Tukiviweka bega kwa bega

Kwa pesa, cha nafuu ni kubaki, kisha Bagamoyo. Mlimani na Dodoma vinafuata, vikisaidiwa na mkopo kwa atakayeupata; Bodi ilianza mwaka 2023/24 kuwagusa baadhi ya wanafunzi wa stashahada pia, lakini kwa fani za kipaumbele, kwa hiyo usimwahidi mtoto kabla hujasoma mwongozo wa mwaka husika. Nairobi na Kampala ni za familia iliyojipanga, au iliyo na ndugu wa kumpokea.

Kwa kasi ya kuanza kupata kipato: Kituo cha Jemolojia na VETA, bila ubishi. Kwa kupanda ngazi mbele ya safari, kufundisha au kuingia ofisi ya serikali, Mlimani. Kwa soko la ubunifu la kanda nzima, Nairobi. Kwa mtu anayetaka mikono yake ijue vitu vingi kabla haijachagua kimoja, Makerere. Kwa mchoraji ambaye pia anacheza ngoma, anapiga gitaa, anataka kutengeneza video za wasanii na kujenga majukwaa ya harusi na matamasha, Bagamoyo haina mpinzani, na asione haya kwamba ni stashahada.

Mchanganyiko nao unakubalika. Mtoto wa kidato cha nne mwenye alama za kuchechemea aanze VETA au Bagamoyo, afanye kazi miaka miwili, kisha aombe shahada kwa stashahada yake akiwa tayari ana kazi za kuonyesha. Wahitimu wazuri niliowapokea fremuni ni wa njia hii zaidi kuliko wale walionyooka kutoka shule mpaka chuo kikuu.

Wa kidato cha sita mwenye alama nzuri na familia yenye uwezo wa wastani ndiye anayenipa kazi ngumu, maana milango yote iko wazi. Huyo namwomba anionyeshe michoro yake kumi. Kama nane ni nyuso za watu na mandhari, namwelekeza Makerere. Kama ni nembo, viatu, vyumba na magari, Nairobi. Kama pembeni ya kila mchoro ameandika maelezo marefu kuliko mchoro wenyewe, aende Mlimani, atafurahi.

Na popote atakapoomba, abebe kazi halisi za karatasi, si picha za simu peke yake. Michoro ya kutazama vitu vilivyo mbele yake, kama sufuria, ndala, mkono wa bibi, migomba ya nyuma ya nyumba, iwe mingi kuliko ile iliyonakiliwa mtandaoni, kwa sababu mwalimu wa sanaa anaijua nakala kabla hajakaa kitini. Aandike tarehe nyuma ya kila moja. Aweke na zilizoharibika mbili tatu, aeleze alitaka kufanya nini.